Mlango wa Midgar: Final Fantasy VII na soko la Marekani, 1997

Final Fantasy VII, gemu ya video ya kampuni ya Square, ilitoka Japani tarehe 31 Januari 1997. Ndani ya siku 3 nakala zaidi ya milioni 2 zilikuwa zimeshanunuliwa, na hakuna aliyeshangaa, maana kule RPG, gemu ya hadithi ndefu ambamo unaongoza na kukuza wahusika, ni gemu ya nyumba nzima. Mshangao ulikuja Septemba 7, ilipoingia Marekani. Wikiendi ya kwanza peke yake zilitoka nakala 330,000. Wiki ya tatu haijaisha, nusu milioni. Mwaka haujaisha, milioni. Ukitaka kuona uzito wa namba hizo, ziweke kando ya EarthBound, RPG ya Nintendo iliyoingia soko hilohilo Juni 1995: iliuza takriban nakala 140,000 tu.

Kwa nini basi moja iliuza sana na nyingine kidogo? Gemu zote mbili ni za Kijapani, zote za vita vya zamu, yaani kila mpiganaji hungoja nafasi yake ya kushambulia, zote ndefu, zote zinamtaka mchezaji asome maandishi mengi. Kwa hiyo jibu la kwamba Wamarekani hawapendi kusoma linaanguka mapema. Jibu la pili, grafiki, lina ukweli wake lakini halifiki mbali, kwa sababu grafiki humvuta mtu anunue, hazimkalishi kitini saa 40. Tukikipitia kisa hiki hatua kwa hatua tunaona kwamba Mmarekani alikuwa tayari kwa RPG ya Kijapani nzima nzima, na urefu wake, na menyu zake, na msiba wake. Alichokosa ni mtu wa kumwonyesha, na mtu wa kumtafsiria vizuri. La kwanza lilifanywa mwaka 1997 kwa ustadi mkubwa. La pili lilifanywa kwa haraka, na makovu yake yapo hadi leo.

Hodi ya miaka minane

Aina hii ya gemu haikuzaliwa Japani. Yuji Horii alipotengeneza Dragon Quest kwa kampuni ya Enix mwaka 1986, mfano aliokuwa nao mbele yake ulikuwa Wizardry na Ultima, gemu za Kimarekani za kompyuta. Kazi yake ilikuwa kuzipunguzia ukali: amri chache, vitufe viwili, mtu wa kawaida aliyekaa mbele ya televisheni na Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo, aweze kucheza bila kitabu cha maelezo. Akira Toriyama akachora, Koichi Sugiyama akaandika muziki. Mbegu ilitoka Marekani, ikaota Japani.

Iliporudi kwao mwaka 1989 ilirudi ikiwa imechelewa miaka 3, na katika gemu miaka 3 ni mingi mno. Jina lenyewe lilibidi libadilishwe kuwa Dragon Warrior, kwa sababu kulikuwa na mchezo wa mezani wa Kimarekani ulioitwa DragonQuest. Wahandisi waliifanyia mema: nywila ndefu ya kuendelea na mchezo iliondolewa, ikawekwa betri ya kuhifadhi ndani ya katriji, kile kisanduku cha plastiki kinachobeba gemu, na wahusika wakachorwa upya ili wageuke kuelekea upande wanakokwenda. Lugha ndiyo iliyopotea. Maneno ya Horii ni mepesi, ya kuchangamka. Tafsiri ikayavika Kiingereza cha karne nyingi zilizopita. Ni kama mtu achukue mazungumzo ya sokoni ayaandike kwa Kiswahili cha tenzi za kale za Lamu: heshima ipo, uhai haupo. Nintendo ikaishia kuwagawia bure wasomaji waliojiandikisha kwenye jarida lake, Nintendo Power. Mmarekani alikuwa anapewa Dragon Quest ya kwanza wakati Mjapani ameshashika ya nne, iliyotoka Februari 1990.

Final Fantasy ya Square ilipita njia ileile. Ya kwanza, ya 1987, ilifika Marekani 1990. Ya pili na ya tatu zikarukwa. Ya nne ikaletwa ikiitwa ya pili, ya tano ikarukwa, ya sita ikaletwa ikiitwa ya tatu. Fikiria mnunuzi wa mwaka 1997 aliyeiacha gemu kwenye namba 3, anaingia dukani anakuta namba 7.

Katikati ya hapo, mwaka 1992, Square ilijaribu kuandaa RPG ya watu wa Marekani: Final Fantasy Mystic Quest. Maadui wanaonekana wazi, hawakuvamii ghafla. Una mwenzako mmoja tu vitani. Silaha zinajivaa zenyewe. Hadithi imepunguzwa ikabaki mifupa. Wazo lilikuwa kumwanzishia mgeni kwa kijiko. Waliojua RPG waliiona ya kitoto, na wasiojua hawakupewa sababu ya kuijua, kwa kuwa kilichoondolewa ndicho kinachomfanya mtu apende RPG: watu wa kuwajali, na njia nyingi za kuunda kikosi chako. Hili ni kosa ambalo wachapishaji wamelirudia mara nyingi, nasi tutalirudia kulitaja.

Kulikuwa na kizuizi kingine, kanuni za Nintendo ya Marekani. Mambo ya dini, pombe na miili isiyositiriwa hayakupita. Katika Final Fantasy VI baa ziligeuka mikahawa, na uchawi wa "Mtakatifu" ukapewa jina la lulu. Mtafsiri wake, Ted Woolsey, alipewa siku kama 30, na katriji ilikuwa ya megabaiti 3 kwa kila kitu: picha, muziki, ramani na maneno. Kijapani hubeba maana nyingi kwa alama chache, Kiingereza hutanuka. Ukikosa nafasi, unakata. Zilikatwa sentensi, tabia za watu, mizaha. Kwamba gemu hiyo ilipendwa pamoja na hayo yote ni ushahidi wa jinsi ilivyokuwa imara.

Hesabu ya diski

Mwanzoni mwa 1996 Square ilitangaza kuwa Final Fantasy inayofuata itakuwa ya PlayStation, mashine ya gemu ya Sony inayotumia CD. Sababu unaweza kuihesabu kwa vidole. Nintendo 64, mashine mpya ya Nintendo, ilibaki na katriji. Super Mario 64 ilikuwa megabaiti 8, na katriji kubwa kabisa zilizokuja baadaye zilifika 64. CD moja hubeba kama megabaiti 650. Final Fantasy VII ilichukua CD 3. Hata ukizikunja picha namna gani, haingii kwenye katriji.

Halafu bei. Katriji ni kifaa chenye chipu, kinaagizwa kiwandani mapema, na ukikosea idadi umebaki na mzigo ghalani. RPG za Super Nintendo ziliuzwa Marekani dola 70 hadi 80. CD huchapwa kwa gharama ndogo na huongezwa haraka mzigo ukipungua. Final Fantasy VII iliuzwa karibu dola 50. Kwa kijana ambaye hajawahi kucheza RPG, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama atabahatisha au hatabahatisha. Mara nyingi watu husimulia kisa hiki kwa habari za sanaa peke yake, wakasahau kwamba mlango ulipunguzwa bei.

Bajeti iliyotajwa wakati ule ilizidi dola milioni 40, kiasi ambacho gemu hazikuwa zimezoea. Hironobu Sakaguchi alikuwa prodyusa, Yoshinori Kitase mwongozaji, Tetsuya Nomura mchoraji wa wahusika, Nobuo Uematsu mtunzi wa muziki.

Sony ya Marekani ndiyo iliyochapisha, na ikatangaza gemu kama watu wa Hollywood wanavyotangaza filamu. Kampeni ilichukua miezi 3. Matangazo yaliingia kwenye televisheni, kwenye majarida ya muziki kama Rolling Stone na Spin, kwenye vitabu vya katuni vya Marvel na DC, na kulikuwa na promosheni pamoja na Pepsi. Tazama majarida hayo: si ya wachezaji gemu. Sony ilikwenda kumtafuta kijana wa miaka 18 au 20 ambaye hajui RPG ni nini, na wala haikumfundisha neno hilo. Ilimwonyesha mji wa chuma unaotoa moshi wa kijani na kijana mwenye upanga mkubwa kuliko mwili wake.

Matangazo hayo yalionyesha vipande vya sinema tu. Menyu hazikuonekana, wala vita vya zamu, wala wahusika wadogo wenye mikono kama matofali ambao ndio utakaowatembeza muda mwingi wa mchezo. Lilikuwa tangazo la kuficha nusu ya bidhaa, na kwa kawaida bidhaa ya namna hiyo hurudishwa dukani kwa hasira. Haikuwa hivyo, na ili kujua kwa nini haikuwa hivyo lazima tuingie ndani ya gemu yenyewe.

Saa ya kwanza

Inaanza na nyota. Kisha uso wa msichana, umemulikwa na mwanga wa kijani kwenye uchochoro. Anatoka barabarani na kikapu cha maua. Kamera inapanda, inapanda, mji wote wa Midgar unaonekana: duara la chuma lenye mitambo 8 ya kunyonya mako, uhai wa sayari, na katikati jengo la kampuni ya umeme ya Shinra. Kamera inashuka tena kwa kasi, treni inaingia kituoni, kijana anaruka chini. Hapo, bila skrini kuzima, bila neno "subiri", unagundua kijana yule anakutii wewe. Sinema imekuwa gemu na hukuona mshono. Aliyevutwa na tangazo la televisheni hakuona kama amedanganywa. Alikabidhiwa usukani filamu ikiwa bado inaendelea.

Kinachofuata ni ufundi wa kufundisha. Kijana yule, Cloud, ana upanga, Buster Sword, wenye matundu 2 yaliyounganishwa, na ndani yake mawe 2 ya uchawi yanayoitwa materia: umeme na barafu. Mtambo unaoulipua unalindwa na mashine, na mashine huumia zaidi kwa umeme. Huambiwi somo, unalipata kwa kujaribu. Pambano la zamu halikungoji ukae milele, kwa sababu kila mpiganaji ana kipimo kinachojaa, na kikijaa ndipo anapata zamu yake. Mfumo huu ulianza na Final Fantasy IV. Kwa mtu aliyezoea gemu za ngumi na risasi, kipimo kile ndicho kinachomfanya asisinzie, na kwa mtu mwenye pupa ndogo kuna mpangilio wa kukisimamisha wakati anachagua uchawi. Wapiganaji ni 3 tu kwa wakati mmoja. Ukishashinda bosi wa kwanza, yaani adui mkubwa anayelinda mtambo, saa ya dakika 10 inaanza kurudi nyuma na lazima utoke kabla mtambo haujalipuka.

Kisha gemu inapunguza mwendo. Sekta ya 7 ina jumba la wanaoanza, ambamo watu wanakueleza materia kwa utaratibu. Anayejua anapita nje. Asiyejua anaingia, anasoma, anatoka. Linganisha na Mystic Quest, iliyopunguza gemu nzima kwa ajili ya mgeni. Final Fantasy VII iliacha gemu yote ilivyo, ikamjengea mgeni chumba kimoja cha kujifunzia.

Materia yenyewe ni mfumo unaofungua mikono. Uchawi haumilikiwi na mtu, unamilikiwa na jiwe. Chomeka jiwe la moto tundu moja, na jiwe la "Wote" tundu lililounganishwa nalo, na moto utawapiga maadui wote. Badili la moto uweke la kuponya, na kikosi kizima kinapona kwa zamu moja. Mawe hukua kadiri unavyopigana. Kosa la mara kwa mara la wanaoanza ni kumjaza mtu mmoja mawe ya uchawi bila kujua kwamba kila jiwe la aina hiyo hupunguza nguvu za mwili na pointi za uhai za anayelibeba. Mchawi wako anakuwa hodari na dhaifu kwa pamoja. Ukilielewa hilo, umeelewa kwa nini watu hukaa saa nzima ndani ya menyu bila kuchoka. Menyu ambazo tangazo lilizificha ndizo zilizokuwa raha ya mchezo.

Na mandhari yalisaidia. Kasri na mazimwi vilikuwa vimejaa kwenye RPG. Hapa kuna umeme, pikipiki, mabanda ya maskini chini ya bamba la chuma, na kampuni inayokamua ardhi huku ikiwauzia watu mwanga. Kijana wa Detroit hahitaji kujua hekaya za Japani ili aelewe hasira ya Barret, kiongozi wa kikosi cha Cloud kinachoipinga Shinra. Wala kijana wa mahali popote ambapo umeme unapita juu ya nyumba zisizo na umeme.

Maneno yaliyoharibika

Sasa upande wa pili. Tafsiri ya Kiingereza iliangukia zaidi mabegani mwa mtu mmoja, Michael Baskett. Maandishi yalikuwa mengi kuliko ya gemu yoyote ya Square kabla yake, muda mfupi, na mfumo ulijengwa kwa ajili ya herufi za Kijapani. Makosa yalizaliwa hapo.

La hatari zaidi liko kwenye bosi wa kwanza, nge wa chuma. Akiinua mkia, ukimpiga anakujibu kwa mwali wa leza unaowachoma wote. Kijapani kinakuonya usimpige. Katika Kiingereza onyo limekatika vipande viwili, na kipande cha kwanza kinasomeka kama amri: mpige mkia ukiwa juu! Cha pili ndicho kinachosema atajibu kwa leza. Mgeni anafuata amri, anachomeka, anaona gemu imemwonea. Sababu yake ni ya kiufundi kabisa. Katika Kijapani kishazi cha "ukifanya" hutangulia na matokeo hufuata. Ukiigawa sentensi kwenye visanduku viwili vya maandishi na kumpa mtafsiri bila picha, "ukimpiga" inageuka "mpige".

Jingine ni maarufu kwa kuchekesha. Katika mitaa ya chini, msichana muuza maua anamwonea huruma mgonjwa, na Kiingereza chake kinasema kitu ambacho kwa Kiswahili kingekuwa "mtu huyu wanaumwa". Kijapani hakilazimishi kutaja umoja na wingi. Mara nyingi hakitaji hata mtenda. Mswahili analielewa tatizo hili upesi: "amekuja" haikuambii ni mwanamume au mwanamke, na mtafsiri wa Kiingereza aliyekabidhiwa neno hilo peke yake kwenye jedwali hana budi kukisia. Fanya hivyo mara elfu kadhaa, chini ya shinikizo la tarehe, na mengine yataponyoka.

Jina la msichana huyo nalo liliponyoka. Kijapani hakina sauti ya "th" kama ya thelathini. Wanaiandika kwa "su". Mtafsiri alipoona jina lake akalirudisha kuwa Aeris, wakati watunzi walikusudia Aerith. Jina la Sephiroth, adui mkuu wa gemu, lina sauti ileile, na lenyewe likarudi salama.

Kuna suala zito zaidi, la Barret. Ndiye mtu mweusi wa kwanza kuwa mhusika wa kuchezwa katika mfululizo huu. Ni mchimba makaa wa Corel, mji uliochomwa na Shinra. Amepoteza mke na mkono, anamlea Marlene, binti wa rafiki yake. Kiingereza cha 1997 kilimpa usemi wa mtu mweusi wa vipindi vya televisheni vya Marekani vya miaka ya 80, matusi yakiwakilishwa na mfululizo wa alama za ajabu. Wakati wa mambo mepesi inapita. Lakini unapofika Corel na unataka kumsikia baba anayejilaumu kwa mji wake, usemi ule unasimama kati yako na yeye. Uzito wa hadithi unafika, ila umebebwa na muziki wa Uematsu na picha zaidi ya maneno. Tunaona hili ndilo hasara kubwa kuliko makosa yote ya sarufi, kwa sababu kosa la sarufi mtu hulicheka akaendelea, lakini mhusika aliyepunguzwa anabaki amepunguzwa.

Ulaya ilipata gemu tarehe 17 Novemba 1997, na Wahispania ndio waliopata pigo. Toleo lao lilitafsiriwa kutoka Kiingereza, maneno yakiwa yametengwa na mahali yanapotumika. Neno moja la Kiingereza lina maana ya kikosi na pia ya sherehe. Kikosi cha Cloud kikaitwa sherehe. Na neno lililokosewa tahajia, "allévoy", lisilokuwepo katika Kihispania chochote, limekuwa la utani kwa wachezaji wa kule kizazi kizima. Dawa yake inajulikana: mpe mtafsiri gemu yenyewe aicheze, maandishi yenye jina la msemaji na mahali anaposimama, na mtu wa kumuuliza kule yalikoandikwa. Square ilijifunza. Kuanzia Xenogears ya 1998, Richard Honeywood alianza kujenga idara ya ujanibishaji ndani ya kampuni, watafsiri wakikaa karibu na watengenezaji.

Waliyoongeza, na waliloelewa vibaya

Toleo la Marekani halikuwa nakala ya la Japani. Miezi 7 ya kusubiri ilitumika kuongeza vitu. Ukibonyeza kitufe cha Select, alama inaonekana juu ya kichwa cha Cloud na pembe tatu nyekundu kwenye njia za kutokea. Mandhari ya gemu hii ni michoro iliyochorwa kabla, na bila alama hizo mlango hupotea kwenye rangi. Wakaongezwa mabosi wawili wa hiari kwa wanaotaka kujiumiza: Ruby Weapon wa jangwani mwenye pointi 800,000 za uhai, na Emerald Weapon wa chini ya bahari mwenye milioni 1, ambaye lazima umalizane naye ndani ya dakika 20 kama huna materia ya majini. Nyongeza hizo zilirudishwa Japani Oktoba hiyohiyo katika toleo lililoitwa International. Hivi ndivyo kuwafikiria wageni kunavyoweza kumnufaisha na mwenyeji: mgeni anapewa alama za milango, mwenyeji naye anazifurahia.

Kitu kimoja hawakukigusa. Mwishoni mwa diski ya kwanza Aerith anauawa, na harudi. Hakuna jiwe la materia linalomrudisha, hakuna siri, ingawa wachezaji wa Marekani waliitafuta kwa miaka. Mchapishaji mwoga angeomba mlango wa nyuma. Ukweli ni kwamba tukio hilo ndilo walilolisimulia shuleni na kazini, na kusimuliana kuliuza gemu hata baada ya kampeni ya miezi 3 kwisha.

Zingatia pia mwenzake wa wakati ule. Desemba 1996 Persona, RPG ya kampuni ya Atlus, iliingia Marekani kwa jina la Revelations: Persona. Wanafunzi wa Kijapani walibadilishwa sura na majina wawe Wamarekani, mmoja akafanywa mweusi, na sehemu nzima ya hadithi, ya Malkia wa Theluji, ikakatwa. Atlus iliirudisha ilivyokuwa mwaka 2009 kwenye PSP, mashine ya mkononi ya Sony. Kufikia Persona 5, iliyotoka Magharibi tarehe 4 Aprili 2017, kila kitu kilibaki Tokyo: treni za Shibuya, sare za shule, heshima za majina. Hiyo ndiyo iliyovunja rekodi za mfululizo huo nje ya Japani.

Square yenyewe ilichukua somo nusu. Iliona kipande cha sinema kimeuza, ikaongeza sinema. Final Fantasy XIII, iliyofika Magharibi Machi 2010, ilikuwa nzuri kuitazama kuliko zote kabla yake, na lalamiko la wachezaji lilikuwa moja: saa nyingi za mwanzo ni ukumbi ulionyooka, na mifumo ya vita inafunguliwa kidogo kidogo kama mtu anayekupimia sukari. Lile kosa la Mystic Quest lilikuwa limerudi na nguo za bei ghali. Sauti za waigizaji, zilizoanza na Final Fantasy X mwaka 2001, zilileta shida yake: midomo ilikuwa imeshachorwa kwa Kijapani, hivyo sentensi ya Kiingereza ililazimika kuingia kwenye urefu uleule. Ndiyo maana mazungumzo mengine mle yanakwenda mbio na mengine yanaburuta.

Aliyefanya vizuri zaidi ni Dragon Quest VIII, iliyotoka Marekani Novemba 2005 ikiwa na jina lake halisi kwa mara ya kwanza. Kwa toleo hilo waliongeza sauti zenye lafudhi za Uingereza, muziki wa okestra, na menyu mpya zenye picha. Vita vya zamu havikuguswa. Kila sarafu iliwekwa kwenye mlango na kwenye lugha. Ndani palibaki pa Horii.

Final Fantasy VII Remake ilitoka tarehe 10 Aprili 2020, siku moja kwa dunia nzima, na Square Enix, yaani Square iliyokuwa imeshaungana na Enix, ikatangaza nakala milioni 3.5 ndani ya siku 3. Jina la msichana wa maua lilikuwa limeshasahihishwa kitambo, katika Kingdom Hearts, gemu nyingine ya Square, ya 2002: Aerith. Waliomzika mwaka 1997, wengi wao, bado wanamwita Aeris.